Upindo wa Nne

Walileta kitambaa Jumanne, mvua ikiwa bado juu ya mabati,
yadi sita za Ariwara, kijani na nyekundu,
na mchoro wa kilima kwenye karatasi ya daftari.
"Bendera," akasema Mwalimu Adriko, "ya nchi itakayokuja."
Nikapima. Kazi ni kazi. Nikataja elfu arobaini,
akashusha hadi thelathini, kama mteja yeyote
ambaye hajapata nchi.

Namjua. Mwaka ule wa kukimbia
tulivuka mpaka njia moja, yeye kwa miguu,
mimi mgongoni mwa mama, Kaltuma binti Fadhimulla,
cherehani kichwani, mtoto nyuma,
asijue kipi kinamvunja shingo.
Viazi vya wenyewe tulivichimba usiku, shamba moja.
Basi akiniambia wakubwa wa mbali
hutukumbuka kura zikianza kunukia,
kwamba barabara yetu huanzia kwenye hotuba na kuishia humo humo,
kwamba mtu hana budi kushika ufunguo wa mlango wake,
sina la kupinga. Naitikia, pini mdomoni.
Hata mimi ningependa kujitawala,
walau mpaka saa kumi jioni.

Lakini chini ya mchoro, kwa wino wa bluu,
kulikuwa na vifungu. Sikutafuta kuvisoma,
karatasi ilijikunjua yenyewe.
Cha kwanza, ardhi. Cha pili, lugha.
Cha tano: asiye na kaburi la babu kilimani
atapewa siku thelathini, na njia.

Babu yangu alizikwa Bombo.
Aliletwa na tarumbeta, bunduki si yake, vita si vyake;
watoto wake wakaitwa Wanubi kila walikofika
na wageni kila walikokaa.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Jembe tulishika, likalika hadi kwenye mpini,
na kwa hesabu ya Mwalimu
leo bado ni siku ya pili.

Sasa niambie, wewe unayesoma umekaa:
nimnyime haki kwa ajili ya kifungu cha tano?
Nikisema hawa hawafai, vichwa vyao vimechemka,
nitakuwa nimeazima mdomo wa nani?
Ndivyo walivyosemwa baba zake. Ndivyo tulivyosemwa sisi.
Kila aliyemfungia mwenzake mlango
alidai ndani mna kichaa.
Na nikisema haki ni yao, waichukue,
nani atambebea Ayikoru kitanda?
Mama yake wa hapa, baba dereva wa Gulu,
alipita na lori la simsim, hakurudi.
Nusu ibaki kushona, nusu ishike njia?

Alhamisi akaja kuulizia.
"Mwalimu, kilima kikijitenga na nchi,
nami nikijitenga na kilima,
kibaraza hiki, futi nane kwa sita,
cherehani, na msichana huyu,
mtanitambua?"
Akacheka. Kisha akaacha kucheka.
Akatazama mtaro ukisukuma maganda ya mihogo kwenda Enyau.
"Hilo," akasema, "ni jambo jingine."
Nikamwambia ndivyo hujibu kila mwenye ikulu.

Hakukasirika. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.
Alilipa nusu, akaomba risiti,
akaniuliza hali ya magoti ya mama.

Pande tatu nimezipinda, mshono mzuri, hata adui ausifu.
Wa nne nimeuacha. Si mgomo, mgomo una mabango.
Ni mguu tu: nikikaa, hauendi kwenye kanyagio.
Kitambaa kinaning'inia, kinachomoka pole pole,
na kila jioni Ayikoru anafagia kijani na nyekundu.
"Mama, nchi ya huyu mtu itaisha kabla hajaichukua."
Namwambia aweke nyuzi kwenye kopo.
Uzi ni uzi. Utafaa vifungo.